Mkate Kabla Haujavunjwa

Mkono wa kulia wa Mukarram Opa, yaani Dada Mukarram, ulikuwa mali ya mtaa mzima. Na mimi Hosiyat simsifu mtu bure. Ulimi wangu unajulikana mpaka ng'ambo ya mfereji. Lakini mkono ule niliusifu hata mwenyewe akiwa hayupo. Ulikuwa unaingia ndani ya tanuri linalowaka, pamoja na kichwa na bega, unabandika mkate ukutani, unatoka. Mikate yake ilikuwa mizito, yenye kung'aa, na katikati ilipigwa mhuri wa misumari uliochora ua ambalo mwokaji mwingine yeyote wa Samarkandi asingethubutu kuliiga. Vijana waliokuwa wakienda Urusi kutafuta kazi walipita kwanza kwake, wakaung'ata mkate wake mara moja, na mama zao wakautundika ukutani uwasubiri warudi waumalizie. Hakuna mama aliyetundika mkate wa mtu mwingine, labda awe hampendi mwanawe.

Kiharusi kilimkuta wakati wa baridi, mikono ikiwa ndani ya unga. Alinisimulia baadaye kwamba alidhani ni unga uliokuwa mzito, akaulaumu, akauongezea maji. Alipoanguka, upande wa kulia ulikuwa umeshakufa. Mdomo ulipinda, na maneno yalipoanza kurudi yalitoka mojamoja, kama wageni wanaovua viatu mlangoni. Tanuri lilizimwa, na sisi tukaanza kula mikate ya dukani huku tukiitukana.

Mumewe, Normat Aka, yaani Kaka Normat, ameendesha malori maisha yake yote. Ni mtu mkubwa wa kujaza mlango, lakini mwenye sauti ya chini, kama anayeomba chumvi kwa jirani. Alijifunza kumwogesha mkewe, kumlisha, hata kumsuka nywele. Alimsuka vibaya sana, na Mukarram Opa akatoka uani hivyohivyo, misuko imekaa upande, kichwa juu, bila kuona haya. Niliwapenda siku hiyo kuliko nilivyowahi kuwapenda.

Sasa, kulikuwa na jambo la binti yao, Zebo. Zebo ni mshonaji, msichana wa maneno machache, na posa yake ilikuja muda mfupi kabla ya kiharusi. Ililetwa na Salomat, mwanamke wa ng'ambo ya mfereji, kwa ajili ya mwanawe Behzod. Zebo na Behzod walikuwa wamependana kitambo. Kila wiki suruali ya Behzod ilichanika mahali papya na kuletwa kushonwa, na mtaa mzima ulijua kwamba suruali hazichaniki hivyo zenyewe.

Kwetu posa haifungwi kwa maneno. Wazee wa pande mbili wanainua mikate, wanaivunja mbele ya watu, na kuanzia hapo msichana ana kwao kwingine. Kurudi nyuma baada ya mkate kuvunjwa ni aibu kuliko talaka. Na mkate huo anauoka mama wa msichana. Ndiyo maana siku ilisogezwa mbele mara kwa mara, tukimsubiri Mukarram Opa apone.

Asubuhi moja, miti ya aprikoti ikiwa na maua, nilikuwa nimeketi nao tukinywa chai. Mkono wa kulia wa Mukarram Opa ulikuwa umelala kwenye goti lake, kama kawaida, mzigo tu. Mara kidole gumba kikacheza. Kikacheza tena. Vidole vingine vikafuata, kisha kifundo cha mkono, vikikunja na kukunjua, vikikunja na kukunjua.

"Normat Aka!" nilipiga kelele. "Tazama mkono! Unakanda unga!"

Mzee wa watu aliangusha bakuli la chai. "Mama Zebo! Mama Zebo, unasogea!"

Mukarram Opa aliutazama mkono ule kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. "Si mimi," alisema.

"Unasemaje?"

"Si mimi... ninayeusogeza."

"Basi ni Mungu," nikamwambia, machozi yananitiririka, "na yeye haombi ruhusa yako!"

Punde mkono ukatulia, ukalala mzito kuliko mwanzo. Lakini nani alikuwa na habari? Normat Aka alikuwa ameshafika njiani, anamkamata kila mpita njia na kumweleza kwamba mkono wa mkewe umekumbuka kazi. Jirani mmoja akasema mkono wa mwokaji haufi. Hadi jua linazama, hakukuwa na aliyebaki hajui.

Ijumaa Normat Aka akachinja kondoo. Pilau ya shukrani ilipikwa kwenye sufuria ya harusi, na wanawake wakamiminika ndani kuugusa ule mkono wenye bahati. Bibi mmoja aliupaka machozi yake. Mukarram Opa alikaa kati yao akirudia, "Si mimi, jamani," nao wakamjibu, "Unyenyekevu ulioje!" Kisha vidole vikaanza tena. Wanawake wakapiga makofi na kumshukuru Mungu kwa sauti. Yeye akaudaka mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaukandamiza kifuani, akanitafuta kwa macho.

"Ndani," alisema. "Upesi."

Mimi na Zebo tulimwingiza chumbani, na hatukumfikisha kwenye godoro. Mtikisiko ulipanda kutoka vidoleni hadi kiwikoni, ukafika begani, ukavuta shavu, kisha mwili wote ukakakamaa na kuanza kurushwarushwa. Normat Aka alikuja na kijiko cha mti, akakishindilia katikati ya meno kama bibi zetu walivyofanya, na jino likavunjika. Dada yake Normat Aka, Robiya, akaingia na kikaango cha majani ya kufukizia, akatufukiza hadi sote tukakohoa, mgonjwa naye akazidi kukosa pumzi. Mtikisiko ulipoisha, alikoroma usingizini na damu mdomoni. Huko nje watu walikuwa wanakula pilau na kusifu muujiza. Robiya aliufunga mlango, akatoka na tabasamu, akawaambia mgonjwa amechoka kwa furaha.

Daktari wa ubongo mjini alikuwa mwanamke mpole, asiye na haraka. Alituuliza mambo yote toka mwanzo, nasi tukamweleza.

"Kwa hiyo mkono haukuwa unapona?" Normat Aka aliuliza.

"Hapana, baba. Kiharusi kimeacha kovu kwenye ubongo. Kwa baadhi ya watu, kovu hilo linaanza kulipua cheche zake lenyewe, na mkono unacheza bila mwenyewe kuutuma. Cheche zikienea, mtu anaanguka. Ni kifafa kinachofuata kiharusi. Mama mwenyewe hakuwaambia kitu?"

Mimi nilitazama viatu vyangu, Normat Aka akatazama dirisha.

"Alituambia," Zebo akasema. "Alisema si yeye."

Daktari alimgeukia Mukarram Opa, akamwinamishia kichwa kidogo kwa heshima. Kisha akatufundisha. Dawa kila siku, asubuhi na jioni, asiruke hata mara moja. Alale usingizi wa kutosha. Akishikwa, alazwe ubavu, kitu laini chini ya kichwa, nguo ya shingoni ilegezwe, na kinywani pasiingizwe kitu chochote. Mtu atazame saa. Ikipita dakika tano haijaisha, gari la wagonjwa liitwe. Akamlaza Zebo sakafuni, akatuamuru tumgeuze mmojammoja. Normat Aka alimgeuza bintiye kana kwamba ni yai. Mimi nilimgeuza kama gunia la unga, daktari akasema nirudie.

"Na tanuri?" Mukarram Opa aliuliza.

"Tanuri hapana, mama. Ukishikwa wakati umeinama mle ndani..." Hakuimaliza sentensi, wala haikuhitaji kumaliziwa.

Mukarram Opa hakulia. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameshika mkono wake wa kulia mapajani, akiupapasa taratibu. Nililia mimi, kwa niaba yake na kwa niaba ya mikate.

Nyumbani Robiya alikuwa anatungoja. Aliposikia neno kifafa alikwenda kufunga madirisha.

"Neno hilo lisivuke kizingiti!" alisema. "Salomat akilisikia, mmekwisha. Nani atamwoza mwanawe kwenye nyumba ya waanguka? Watasema liko kwenye damu, watasema wajukuu watazaliwa nalo. Semeni ni presha. Mkate ukishavunjwa, waambieni hata kama ana pembe."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia.

"Na mtangaza maradhi, binti humzeekea ndani! Wewe Hosiyat wako wameshaolewa wote, una la kupoteza?"

Hapo alinipata. Normat Aka alimtazama Zebo aliyekuwa anapindisha uzi kidoleni. Nilimwona mzee yule anagawanyika vipande viwili mbele ya macho yangu. "Presha," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini zaidi ya ile yake ya kawaida. "Tutasema presha." Mukarram Opa alikuwa amefumba macho kwenye godoro, na sote tulidhani amelala.

Dawa ilimfaa. Siku zilipita bila kuanguka, na siku ya posa ikapangwa isisogee tena. Ndipo lilipozuka swali la mkate. Robiya alisema ununuliwe. Mukarram Opa akasema kwamba mkate wa kununua utavunjwa akiwa kaburini, na hilo alilitamka bila kukwama hata neno moja.

Basi walioka hivi. Alikanda kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameuchomeka kwenye mshipi usimsumbue. Zebo alichora mstari wa mkaa uani, akaweka kigoda cha mama yake nyuma ya mstari, mbali na moto, akamwambia asiuvuke. Na aliyeingiza kichwa tanurini alikuwa Normat Aka.

Wazee wenzake waliacha chai yao mkahawani wakaja kuchungulia juu ya ukuta.

"Normat, umepoteza nati humo ndani?"

"Piga honi kwanza, usije ukagongana na mkate!"

Mkate wa kwanza ulidondoka kwenye majivu. Wa pili ulishikamana na mkono wake, akacheza nao ngoma.

"Bega liingie!" Mukarram Opa aliamrisha toka kwenye kigoda. "Unaogopa nini, Baba Zebo? Umevuka milima na malori mabovu, utaogopa shimo la mkate?"

"Malori yalikuwa na kioo mbele, Mama Zebo!"

"Bega!"

Akaingiza bega. Nyusi ziliungua, vinyweleo vya mkono vikanuka uani kote, lakini mkate ukashika. Nilitazama ukutani: wale wazee walikuwa wamenyamaza. Mwanamume wa umri ule, mbele ya wenzake, anajifunza kazi ya mkewe kwa kupigiwa kelele, na anasema "ndiyo, ndiyo" kila anapokosolewa. Niliwaambia, "Mmemaliza kucheka? Haya, nani kati yenu amewahi hata kumchemshia mkewe chai?" Wakakumbuka kwamba chai yao inapoa.

Mhuri wa misumari aliupiga Mukarram Opa mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Ua lilikaa upande kidogo. Lakini lilikuwa lake.

Siku yenyewe aliamka kabla ya alfajiri kuipanga mikate ile na kuisugua ing'ae, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala sana. Wageni walifika: wazee wa upande wa Behzod wakaketi sehemu ya juu ya chumba, wanawake karibu na mlango, Salomat akiwa kati yao, mwembamba, asiyetabasamu ovyo. Zebo alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, maana msichana hajitokezi siku hiyo. Robiya alizunguka na birika, na kila aliyemmiminia chai alimmiminia na neno presha.

Chakula kililiwa, dua ikasomwa. Mjomba wa Salomat, mzee mwenye ndevu nzuri, akainua mikate miwili juu.

"Ngojeni," alisema Mukarram Opa.

Mjomba alibaki na mikate hewani.

"Kabla... hujavunja. Nina kifafa." Vichwa vyote viligeuka. "Si cha kuzaliwa. Kiharusi kiliniachia. Hakimo kwenye damu ya binti yangu. Nakunywa dawa, lakini huenda nikaanguka. Mtasikia kwa watu. Nilitaka msikie kwangu kwanza."

"Anaweweseka!" Robiya alidakia. "Presha hiyo, imepanda kichwani!"

"Siweweseki. Robiya, nyamaza."

Mjomba alimtazama Salomat, kisha akaishusha mikate kwenye kitambaa. Mkate wa posa ukishainuliwa, kwetu haushushwi. Nilisikia pazia la chumba cha ndani likitikisika, na nikajua Zebo ameona. Normat Aka alikuwa ameinamisha kichwa na nyusi zake zilizoungua, na niliwaza: kwisha, suruali za yule kijana zitashonwa na mwingine.

Salomat alimgeukia Mukarram Opa. "Mkate ulikuwa umeshainuliwa," alisema. "Ungenyamaza kidogo tu, mambo yangekwisha. Kwa nini umesema?"

Mukarram Opa aliyakusanya maneno yake. "Sijawahi," alisema, "kumpa mtu mkate... ulio mbichi ndani."

Alitaka kuongeza kitu, lakini kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanza kucheza. Aliutazama mkono, akanitazama mimi, akasema neno lile lile: "Si mimi." Baadaye tulikuta kidonge chake cha asubuhi kimesahaulika kwenye kisahani chini ya birika.

Watu wakaruka. Mmoja alitaka maji, mwingine akaanza dua kwa kupiga kelele, Robiya akachomoa kijiko kwenye pilau na kuja nacho mbio. Ndipo pazia lilipofunguka. Zebo alitoka mbele ya wazee wa mumewe mtarajiwa, kichwa wazi, bila viatu, akampokea mama yake kabla hajagonga sakafu.

"Shangazi, weka kijiko chini."

"Lakini meno..."

"Chini, shangazi! Baba, saa. Hosiyat Opa, fungua mlango, hewa iingie. Nyinyi wengine sogeeni nyuma, tafadhali."

Sikuwa nimepata kuisikia sauti ile kwa Zebo, wala sikujua anayo. Wazee wenye ndevu walisogea nyuma kama watoto wa shule. Alimgeuza mama yake ubavu, akalegeza kifungo cha shingoni, akatazama huku na huku akitafuta kitu laini. Salomat alivua shali yake ya hariri, ile ya sherehe, akaikunja, akampa. Zebo akaiweka chini ya kichwa cha mama yake, na mate yenye povu yakaingia kwenye hariri. Hakumshika kwa nguvu. Aliweka tu kiganja kwenye bega lile lililokuwa linarushwa, akawa anasema polepole, "Nipo, mama. Inapita. Nipo hapa."

Normat Aka alisoma saa kwa sauti. Kabla hajafikia dakika ya tatu, mwili ulilegea, na pumzi zikarudi.

"Imeisha?" Salomat aliuliza. Alikuwa amepiga magoti karibu.

"Imeisha. Sasa atalala. Akiamka atakuwa hajui yuko wapi, tusimsumbue kwa maswali." Kisha Zebo akagundua yuko mbele ya nani, akajigusa kichwa kisicho na kitambaa, akataka kukimbilia ndani. Salomat alimshika mkono wa nguo.

"Kaa," alisema. Halafu, bila kumtazama mtu, "Siku mama yangu anakufa tulikuwa wengi chumbani. Kila mtu alikuwa anapiga kelele. Hakuna hata mmoja aliyekishika kichwa chake." Akamgeukia mzee mwenye ndevu. "Mjomba, inua mkate."

"Salomat, fikiri kwanza. Ugonjwa kama huu..."

"Nimeshafikiri. Na mimi nitazeeka, mjomba, nami nitaanguka kwa njia yangu. Nataka yule atakayekuwa karibu awe huyu. Unainua, au nivunje mwenyewe?"

Mjomba akainua. Mzee wa upande wetu akashika ncha nyingine, na mkate ukavunjika kwa sauti ile kavu ya ganda zuri. Sikujizuia, nililia hadi nikaombwa nitoke nje, na sikutoka.

Mukarram Opa aliamka wakati vipande vinagawanywa. Alitutazama mmoja baada ya mwingine kama anayehesabu wageni asiowajua. Macho yake yalitulia kwa mumewe.

"Wame... vunja?"

Normat Aka aliketi karibu naye. Alimwekea kipande kwenye kiganja cha kushoto, akakikunja kiganja kwa mikono yake yote miwili. Mukarram Opa alikitia mdomoni, akatafuna polepole upande wenye meno mazima. Chumba kizima kilimtazama akitafuna, wazee kwa vijana.

"Baba Zebo," alisema.

"Ndiyo, Mama Zebo."

"Chini haujaiva."

Normat Aka alicheka huku machozi yakimchuruzika kwenye mashavu. "Nitajifunza," alisema.

"Kesho," akamwambia, akafumba macho tena. "Washa tanuri mapema."

Na kesho yake, moshi ulipopanda uani kwao, mimi nilikuwa wa kwanza mlangoni, na kikapu.